Shule ya Dunbar: Jibu kwa Wasemao Nyumba ya Kale ni Mzigo

Katika mazungumzo ya washiriki wetu limezuka neno ambalo hatuwezi kuliacha lipite bila kujibiwa. Husemwa, na husemwa na watu wenye elimu yao, ya kwamba shule ya kale iliyochakaa ni mzigo. Ya kwamba mwenye akili huibomoa akajenga mpya, kwa kuwa elimu imo vichwani mwa walimu na wanafunzi wala haimo katika matofali. Na ili kulitia nguvu neno hilo hutajwa Marekani, nchi ambayo, wasema, haiogopi kuvunja. Basi sisi twaipeleka hoja hii huko huko ilikotajwa, katika mji wa Washington, tuitazame habari ya shule moja ya watu weusi iitwayo Dunbar. Mwenye kusoma mpaka mwisho na aamue mwenyewe kama waliovunja walipata faida.

Tumeichagua shule hiyo kwa sababu ni shule ya watoto wa makarani. Jambo hili tutalieleza.

Ilianza mwaka 1870, miaka mitano baada ya utumwa kukomeshwa kwa sheria katika Marekani nzima. Nyumba haikuwa nayo. Ilianzia katika chumba cha chini cha kanisa la Wapresbiteri la Fifteenth Street, nayo ndiyo shule ya sekondari ya kwanza ya umma kufunguliwa katika nchi ile kwa ajili ya watoto weusi. Ikahamahama kama mpangaji. Kuanzia mwaka 1872 ilikaa kwa muda katika jengo la shule ya Sumner. Mwaka 1891 ikapata nyumba yake katika M Street, ikaitwa kwa jina la barabara hiyo. Mwaka 1916 ikahamia jengo kubwa la matofali katika First Street, ikapewa jina la mshairi Paul Laurence Dunbar, aliyezaliwa na wazazi waliokuwa watumwa, akafariki mwaka 1906 angali kijana. Jengo hilo lilikuwa na ukumbi mpana wa mikutano, na sebule ya katikati iliyoitwa ghala ya silaha, kwa kuwa wavulana wa shule ile walikuwa na kikosi chao cha gwaride na fahari yao ilijulikana mjini.

Sasa tuseme habari ya walimu, maana hapo ndipo penye utamu. Bi. Mary Jane Patterson, mmoja wa wakuu wa kwanza wa shule hiyo, huhesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata digrii ya chuo kikuu, mwaka 1862. Bw. Richard Greener, aliyeishika kazi hiyo kwa muda, alikuwa mweusi wa kwanza kuhitimu Harvard College, mwaka 1870. Mwaka 1921 wanawake weusi watatu wa kwanza wa Marekani walipata udaktari wa falsafa, na wawili kati yao, Bi. Georgiana Simpson na Bi. Eva Dykes, walifundisha Dunbar. Bi. Anna Julia Cooper, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1858, aliupata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Paris mwaka 1925, umri wake ukikaribia miaka 67, hali yu mwalimu wa Kilatini katika shule hiyo hiyo. Bw. Carter Woodson, baba wa elimu ya historia ya watu weusi, alisimama mbele ya ubao wake.

Msomaji atauliza: watu wa namna hii walitafuta nini katika shule ya sekondari? Jibu ni chungu. Vyuo vikuu vya weupe vilikubali kuwafundisha, havikukubali kuwaajiri. Ubaguzi uliwafungia mlango mmoja, wakaingia wote kwa mlango mwingine, na watoto wa Washington wakapata walimu ambao vyuo vingi havikuwa nao. Tena shule za mji mkuu zilikuwa chini ya Serikali kuu, na mwalimu mweusi alilipwa kwa kipimo kile kile cha mwalimu mweupe. Jambo hilo makarani hawahitaji kuelezwa uzito wake. Mwaka 1899 shule zote nne za sekondari za mji, tatu za weupe na hii moja ya weusi, zilipewa mtihani mmoja. Shule ya M Street ikazishinda mbili kati ya zile tatu.

Na wanafunzi, walikuwa watoto wa nani? Walikuwa watoto wa madobi, wapishi, wafagizi, matarishi, na makarani wa Serikali. Washington ni mji wa ofisi, na kwa mtu mweusi wa zamani zile kazi ya ukarani ilikuwa ngazi ya juu aliyoweza kuifikia bila kudharauliwa sana. Baba yake William Hastie alikuwa karani katika ofisi ya pensheni. Mtoto huyo wa karani alihitimu Dunbar mwaka 1921, na mwaka 1937 akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika kiti cha jaji wa mahakama za Serikali kuu.

Lakini ngazi hiyo ya ukarani ilitikiswa. Rais Woodrow Wilson alipoingia madarakani mwaka 1913, wakubwa wa idara zake walianza kuwatenga makarani weusi na wenzao weupe, katika meza za kazi, katika vyumba vya chakula, hata vyooni. Mwaka 1914 ikaamriwa kwamba kila aombaye kazi ya Serikali alete picha yake pamoja na ombi. Yeyote aliyewahi kuandika ombi la kazi ajua picha hiyo ilitakiwa kwa nini. Basi fikirini, ndugu zetu: karani huyu, aliyefanya kazi miaka ishirini kwa uaminifu, awekewa pazia ili asionekane na wenziwe, na miaka miwili baadaye, katika First Street, mlango wa jengo jipya la Dunbar wafunguliwa, na mwanawe apanda ngazi zake amevaa shati iliyopigwa pasi. Atakayetuambia kwamba matofali yale yalikuwa matofali tu, hajui karani huyo alikuwa akitazama nini.

Orodha ya waliotoka katika shule ile ni ndefu, nasi hatutaimaliza. Charles Hamilton Houston alihitimu mwaka 1911, akawa mwanasheria aliyewafunza wengine namna ya kuupiga utengano mahakamani. Thurgood Marshall alikuwa mwanafunzi wake. Charles Drew, aliyehitimu mwaka 1922, ndiye daktari aliyeonyesha njia ya kuhifadhi maji ya damu kwa wingi kwa ajili ya majeruhi. Benjamin Davis alikuwa mweusi wa kwanza kupata cheo cha jenerali katika jeshi la Marekani, mwaka 1940. Wesley Brown alikuwa wa kwanza kuhitimu chuo cha maofisa wa majini, mwaka 1949. Robert Weaver aliingia katika baraza la mawaziri mwaka 1966, naye ni wa kwanza pia, na mwaka huo huo Edward Brooke alichaguliwa kuwa Seneta. Neno "wa kwanza" lachosha kuliandika, lakini tufanyeje, ndivyo walivyokuwa.

Yako mambo mengine yaliyoifanya shule hiyo ituhusu sisi wa Afrika Mashariki, na wengi hawayajui. Bi. Cooper aliposhika ukuu wa shule ya M Street mwaka 1902, wakubwa wa elimu walitaka masomo ya watoto weusi yapunguzwe, yaelekezwe katika kazi za mikono. Yeye akakataa. Akashikilia Kilatini, hesabu na fasihi, akawapeleka wanafunzi wake katika vyuo vikuu vyenye sifa. Mwaka 1906 akaondolewa katika ukuu. Alirudi baadaye kama mwalimu wa darasa. Ugomvi huo haukuishia Washington. Mwaka 1924 ujumbe wa Phelps-Stokes ulikuja Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika, na pamoja nao alikuwa Dakta Aggrey wa Gold Coast. Mifano waliyoisifu ilikuwa Hampton na Tuskegee, yaani elimu ya jembe, randa na usafi wa nyumba. Na mwaka 1925 shule ya Jeanes ya Kabete ikafunguliwa kwa mfano uliotoka katika majimbo ya kusini mwa Marekani. Hatusemi jembe ni baya. Twasema tu kwamba katika nchi ile ile ulikuwapo mfano wa pili, mfano wa M Street, nao haukupakiwa melini. Baba zetu walipodai masomo ya juu waliambiwa kwamba hata weusi wa Marekani wameridhika na kazi za mikono. Jibu la neno hilo lilikuwa limesimama katika First Street kwa matofali.

Na jibu hilo likabomolewa.

Tueleze ilivyokuwa, maana watu husimulia kwa upande mmoja. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha utengano katika shule za umma, na Washington pia ikawekwa chini ya hukumu hiyo. Dunbar ikaacha kuwa shule ya weusi wa mji mzima, ikawa shule ya mtaa wake, na mtaa wake ulikuwa wa watu maskini. Wenye uwezo wakahama au wakapeleka watoto wao kwingine. Jengo likaendelea kutumika na kuchakaa. Mwaka 1968, baada ya kuuawa Dakta King, sehemu za mji huo ziliungua kwa ghasia. Hata ilipofika miaka ya 1970 mabishano yalikuwa makali: wahitimu wa kale walitaka jengo la mwaka 1916 litengenezwe lihifadhiwe, wengine, wakiwamo baadhi ya viongozi wa mji, walitaka livunjwe lijengwe jipya.

Na hoja iliyotuuma zaidi katika mabishano yale si hoja ya paa wala ya mabomba. Wako waliosema jengo lile lifaa kuondolewa kwa sababu ni alama ya majivuno: majivuno ya weusi waliojiona bora kuliko weusi wenzao, wenye ngozi nyeupe kidogo, wana wa madaktari na walimu. Tutalijibu neno hilo, walakini kwanza tukubali kilicho kweli ndani yake. Ubaguzi wa rangi baina ya weusi kwa weusi ulikuwapo Washington, na wazee wenyewe wameushuhudia. Tena wengi wa wahitimu waliolipigania jengo walikuwa hawakai tena katika mtaa ule, wala watoto wao hawakusoma humo. Ni rahisi kuupenda ukuta ambao mwanao haukai kivulini mwake. Mzazi wa mtaa, ambaye mwanawe alikaa katika darasa linalovuja, alikuwa na haki ya kusikilizwa kwanza, kabla ya mzee yeyote mwenye kumbukumbu tamu.

Hata hivyo mzazi huyo hakupewa haki yake. Alionyeshwa vitu viwili: hili bovu, na lile jipya la kwenye karatasi. Nani asingechagua jipya? Njia ya tatu, ya kutengeneza jengo la kale na kuliongeza vyumba, ilifanywa kuwa ndoto ya wazee wenye majivuno, na aliyeitaja akaonekana adui wa maskini. Hivyo ndivyo shauri jema linavyouawa barazani: halikanushwi, lapewa jina baya.

Na majivuno je? Kama jengo lilijaa majivuno, dawa yake ilikuwa kuwajaza ndani yake watoto wa madobi na kuwapa walimu wale wale. Shule ilikuwa tayari yao. Mtoto maskini alikuwa amekwisha kuurithi ukumbi ule, na ngazi zile, na jina lile. Kuvunja urithi siku ileile maskini anapoupokea, na kumwambia kwamba wamvunjia kwa kumpenda, hatuoni kwamba ni kumtetea. Tena waliolitukana jengo kwa ajili ya watu wa daraja ya juu walisahau kwamba karani aliyewekewa pazia ofisini, na dobi aliyefua usiku, ndio waliowapeleka watoto wengi humo.

Tazameni pia wakati. Mji wa Washington ulikuwa ukitawaliwa na Bunge la nchi. Wakazi wake, ambao kwa wakati huo wengi walikuwa weusi, hawakuwa na baraza la kujichagulia. Sheria ya kuwapa meya na baraza ilipita mwaka 1973, na viongozi hao wakashika kazi mwaka 1975. Mwaka 1977 Dunbar ya kale ikabomolewa. Wasanifu wa jengo jipya, Bryant na Bryant, walikuwa weusi wenyewe. Basi hapa mzungu hatumsingizii. Watu waliongoja karne nzima kupata madaraka, na miongoni mwa kazi za kwanza za mikono yao huru ilikuwa kuangusha nyumba ambayo baba zao waliithamini kuliko zote.

Jengo la mwaka 1977 lilikuwa la saruji, refu, la mtindo uliopendwa siku zile. Ndani yake madarasa yaliachwa wazi bila kutengwa, kwa kuwa wataalamu wa elimu wa wakati huo walishika imani ya kwamba mtoto hujifunza vema pasipo ukuta. (Wataalamu hao hawakuwa wakifundisha watoto arobaini wa hesabu karibu na watoto arobaini wa kuimba.) Katika shule nyingi zilizojengwa kwa imani hiyo walimu waliishia kupanga makabati na mbao ili wazuie kelele. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wa Washington hawakuziba ufa, na ukuta nao hawakuujenga.

Mwaka 2013 jengo hilo nalo likaachwa. Hesabuni: jengo la mwaka 1916, lililosemwa kuwa limezeeka mno, lilidumu miaka 61, lile la kisasa lililokuja kulikomboa lilidumu miaka 36. Dunbar ya tatu ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka 2013 kwa gharama ya dola milioni 122. Nayo, twakiri, ni nyumba nzuri; mwanga wa jua waingia, na madarasa yana kuta. Lakini sikilizeni wasanifu wake walifanya nini. Walilitazama jengo la mwaka 1916 katika picha, wakaiga sura yake. Wakairudisha sebule ya katikati kwa jina lake lile lile la ghala ya silaha. Wakaweka sakafuni vibao vyenye majina ya wahitimu mashuhuri, na vingine wakaviacha vitupu kwa ajili ya watakaokuja. Walinunua kwa mamilioni kivuli cha kitu walichokuwa nacho. Lau kama kumbukumbu haina thamani, kwa nini waliilipia?

Atatokea mtu aseme: hapana, lile la kale lilikuwa haliwezekani kutengenezwa, matofali ya zamani yana mwisho. Mtu huyo tunamwomba atembee Washington kwa miguu. Jengo la Sumner, la mwaka 1872, ambamo shule hii ilikaa ikingali changa, lilitengenezwa upya, na tangu mwaka 1986 limekuwa nyumba ya makumbusho na hifadhi ya kumbukumbu za shule za mji. Jengo la M Street, la mwaka 1891, limesimama. Lilikarabatiwa likatumika kuwahudumia watu wa mtaa. Jengo la Armstrong, shule ya ufundi ya weusi iliyofunguliwa mwaka 1902 jirani kabisa na Dunbar, limesimama pia. Yote matatu ni ya zamani kuliko lile lililovunjwa. Ndugu mwenye hoja ya matofali na atueleze ni uchawi gani uliomo katika matofali ya mwaka 1872 hata yadumu, na ya mwaka 1916 yashindwe. Sisi hatuuoni. Tunachokiona ni kwamba matatu yalipata mtu wa kuyatengeneza na la nne likapata mtu wa kulisemea vibaya.

Sasa tuseme kwa haki, maana mpinzani wetu asije akadai kwamba twaabudu kuta. Liko jambo la Farmville, katika jimbo la Virginia. Shule ya weusi ya Moton ilijengwa hapo mwaka 1939 kwa wanafunzi 180. Hata kufika mwaka 1951 walikuwamo zaidi ya 450, na wakubwa wa wilaya wakawajengea vibanda vya mbao vilivyofunikwa karatasi ya lami. Tarehe 23 Aprili mwaka huo msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliwaongoza wenzake wakagoma. Walitaka nini? Walitaka jengo jipya. Na walikuwa na haki, na kama tungekuwapo tungelisimama nao. Madai yao yakageuka kuwa kesi, na kesi hiyo ikawa mojawapo ya zile tano zilizoamuliwa pamoja mwaka 1954. Wilaya ile kwa kisirani ikafunga shule zote za umma kutoka mwaka 1959 hata mwaka 1964 kuliko kuwachanganya watoto. Basi liko jengo ambalo lilitolewa ili kuwadharau watoto, na watoto hawalazimiki kulishukuru. Hata hivyo, nyumba ile ndogo ya Moton haikuvunjwa. Leo ni makumbusho, na wageni huonyeshwa ukumbi ambamo Barbara Johns alisimama kusema. Watoto walipata shule mpya na nyumba ya kale ikabaki. Haya mawili hayakugombana.

Jambo lenyewe, kwa maoni yetu, ni kutofautisha. Nyumba iliyotolewa na wakubwa kwa dharau ni jambo moja. Nyumba ambayo watu wameijenga au kuipigania kwa mali na jasho lao ni jambo jingine. Hapo twakumbuka shule za Rosenwald. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 1932, kwa shauri la Booker T. Washington na fedha za mfanyabiashara Julius Rosenwald, yalijengwa majengo karibu 5,000 ya shule za weusi katika majimbo 15 ya kusini. Watu humsifu Rosenwald, na sifa ni haki yake. Mfuko wake ulitoa zaidi ya dola milioni 4.3. Lakini weusi wenyewe, wakulima wa pamba wasiokuwa na akiba, walitoa zaidi ya dola milioni 4.7. Walitoa zaidi kuliko tajiri. Walitoa sarafu, walitoa mbao, walitoa siku za kazi. Na wakati huo huo walikuwa wakilipa kodi ya Serikali ambayo ilikuwa ikijenga shule za weupe. Utengano ulipokwisha, wilaya nyingi ziliyafunga majengo hayo, mengine yakaanguka, mengine yakawa ghala za majani. Mwaka 2002 yakatangazwa kuwa miongoni mwa majengo ya historia yaliyo katika hatari kubwa nchini Marekani, na ndipo watu walipoanza kuyatafuta porini. Sehemu ndogo tu ilikuwa imebaki.

Twauliza: yule karani wa wilaya aliyetia sahihi kufunga shule ya namna hiyo, je, alikuwa na daftari la kuonyesha nani alitoa nini? Alijua kwamba afunga kitu ambacho si cha wilaya peke yake? Swali hili latuhusu, maana karatasi hizo hupita mikononi mwa watu kama sisi. Sisi ndio tunaoandika "jengo limechakaa" katika ripoti, na sentensi hiyo ya maneno mawili imekwisha kuua shule nyingi kuliko mvua. Nyumba haichakai kwa usiku mmoja. Paa ambalo halikutengenezwa mwaka wa kwanza kwa shilingi kumi, mwaka wa kumi hutakiwa kwa shilingi elfu, na mwaka wa ishirini huitwa sababu ya kubomoa. Aliyenyima shilingi kumi hatajwi popote katika ripoti. Ajabu ni kwamba mara nyingi ndiye anayeisoma ripoti mbele ya kamati, kwa sauti ya huzuni.

Kwa hiyo washiriki wenzetu wanaosema nyumba ya kale ni mzigo, hatuwaiti wajinga. Twawaambia kwamba mfano walioutaja wa Marekani wasimama upande wetu. Na shauri la namna hii likifika katika mji wa mshiriki yeyote, twamsihi asikubali kura ipigwe kabla hajaona hesabu ya kutengeneza imewekwa kando ya hesabu ya kujenga, nayo imefanywa na mtu ambaye hatapewa yeye kandarasi ya kubomoa wala ya kujenga. Aulize pia jengo lilipewa fedha ngapi za matengenezo kila mwaka, tangu lini zilikatwa, na kwa amri ya nani. Aombe wazazi wa mtaa wasikilizwe siku yao, na wahitimu wa kale siku yao, wasichanganywe wakaanza kutukanana. Kule Washington walichanganywa, na tusi la majivuno likachukua mahali pa hesabu. Na kama baada ya yote jengo halifai, basi lisifae kwa hesabu iliyoandikwa, na daftari za kale za wanafunzi, picha, vikombe vya michezo na ubao wa majina ya wakuu wa shule vitolewe kwanza na kuwekwa mahali palipo pakavu, kabla fundi wa kwanza hajapanda juu ya paa.

Mshiriki aliye na barua, stakabadhi za michango ya ujenzi, au daftari la zamani la shule yoyote ya mjini kwake, na amwandikie Katibu, aeleze kitu chenyewe na mahali kilipo. Asikitume kwa posta. Katibu atapanga mtu wa kwenda kukinakili hapo hapo kilipo.